UHURU ANGANI: SETILAITI YA NGOMENI YA MWAKA 1970 NA DENI LA JINA LAKE

Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kusoma elimu ya anga katika chuo kikuu cha Afrika ya Mashariki huikuta elimu hiyo imekwisha kupangwa kwa majina ya mbali. Husoma habari za Baikonur na Cape Canaveral, za Sputnik ya mwaka 1957 na za Gagarin wa mwaka 1961, na mara nyingi huufikia mwisho wa kitabu bila ya kukutana na mahali hata pamoja anapopajua. Matokeo yake ni kwamba huondoka na imani kuwa anga ni mali ya wengine, na kwamba kazi ya Mwafrika ni kusimuliwa yaliyokwisha kufanywa huko.

Imani hiyo haipatani na historia. Kimoja cha vyombo vilivyogeuza ujuzi wa binadamu juu ya ulimwengu kilirushwa kutoka katika maji ya Kenya, katika Ghuba ya Ngwana iliyo kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Chombo hicho kilipewa jina la Kiswahili, nalo ni Uhuru. Hata hivyo, haitoshi kulitaja jina hilo kwa fahari na kuliachia hapo. Yafaa pia kuuliza ni kwa nini chombo hicho kilirushwa pale na si kwingine, kiliona nini kilipofika juu, na jina lake liliwapa nini watu ambao lugha yao iliazimwa. Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo matatu kwa utaratibu huo, ili mwanafunzi ayapate kwa pamoja misingi ya elimu yenyewe na historia yake katika pwani hii.

Pazia la hewa

Jicho la binadamu huona sehemu ndogo sana ya mianga iliyopo. Mawimbi ya redio, miali ya joto, mwanga unaoonekana na eksirei ni ndugu wa tumbo moja. Kinachovitofautisha ni urefu wa wimbi na kiasi cha nishati. Eksirei ndiyo inayojulikana sana na watu kwa sababu ya kazi yake hospitalini, ambako hupenya nyama na kuzuiliwa na mfupa. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba kitu kinachopenya mwili hakiwezi kushindwa na hewa. Dhana hiyo inapotosha. Hewa ni nyepesi, lakini ile iliyorundikana juu ya vichwa vyetu ni nyingi mno: uzito wake ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha mita 10 hivi. Aidha, eksirei nyingi zitokazo kwenye nyota zina nishati ndogo kuliko zile za hospitalini. Humezwa zote na angahewa kabla ya kuifikia ardhi.

Jambo hili ni heri kwa viumbe, kwani eksirei nyingi hudhuru uhai. Lakini kwa mwanafalaki ni pazia lililofungwa. Darubini ingejengwa juu ya kilele cha Kilimanjaro au cha Kirinyaga, isingeona hata mwali mmoja wa aina hiyo. Ilipasa chombo chenyewe kipelekwe juu ya hewa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wataalamu wa Marekani walitumia roketi za V-2 zilizotekwa Ujerumani, wakathibitisha kwamba Jua hutoa eksirei. Lakini eksirei za Jua ni hafifu zikilinganishwa na mwanga wake. Lau nyota nyingine zote zingekuwa kama Jua, kwa umbali zilio nao zisingeweza kuonekana kwa vyombo vya siku zile. Ndiyo maana wataalamu wengi hawakutarajia makubwa. Matarajio hayo yalivunjwa mwezi Juni 1962, pale kikundi kilichoongozwa na Riccardo Giacconi, Mwitalia aliyehamia Marekani, kilipotuma roketi kutoka White Sands, New Mexico, kwa nia ya kutafuta eksirei zinazotoka Mwezini. Badala yake, vipokezi viligundua chanzo chenye nguvu upande wa buruji ya Akarabu, yaani Nge, mbali kabisa na familia ya Jua. Chanzo hicho kiliitwa Sco X-1, na ugunduzi huo ndio uliozaa elimu mpya.

Ila roketi za namna ile hupanda na kushuka. Hukaa juu ya hewa kwa dakika chache tu, na kila safari huonyesha kipande kidogo cha mbingu. Kuisoma mbingu nzima kwa njia hiyo kulikuwa sawa na kukisoma kitabu kwa mwanga wa radi. Palihitajika chombo cha kukaa juu kwa miezi na miaka, kikiizunguka dunia na kuikagua mbingu polepole, sehemu baada ya sehemu.

Kwa nini Ikweta

Hapa ndipo jiografia ya Afrika ya Mashariki inapoingia. Ili kuifahamu, mwanafunzi hana budi kwanza kuifahamu kanuni moja ya setilaiti. Njia ambayo setilaiti huipita kuizunguka dunia, yaani mzingo, ni kama pete ambayo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Haiwezekani setilaiti ikazunguka juu ya nchi za kaskazini peke yake, kama vile haiwezekani kulikata chungwa katikati kwa kisu kisichopita katikati. Basi setilaiti inayorushwa moja kwa moja kutoka mahali palipo nyuzi 38 kaskazini ya Ikweta, kama vile kituo cha Wallops huko Virginia, itapanda hadi nyuzi 38 kaskazini na kushuka hadi nyuzi 38 kusini, au zaidi ya hapo. Ili kuilaza njia hiyo juu ya Ikweta baadaye, hutakiwa nguvu nyingi ambayo roketi ndogo haina. Lakini setilaiti inayorushwa kutoka kwenye Ikweta au jirani yake huingia katika njia ya Ikweta bila ya kulazimika kugeuzwa.

Kuna faida ya pili. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na mahali penye mwendo mkubwa kupita pote ni Ikweta, ambapo ardhi yenyewe hukimbia kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo hupewa mwendo huo bila ya malipo. Faida ya tatu ni bahari. Roketi ya ngazi kadhaa hudondosha vipande vyake kila ngazi inapokwisha kuwaka, na mashariki ya pwani ya Kenya pana Bahari ya Hindi, ambamo vipande hivyo huanguka mbali na makazi ya watu.

Kwa setilaiti ya eksirei kulikuwa na sababu ya nne, nayo pengine ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye umeme zilizonaswa na usumaku wake. Juu ya Atlantiki ya Kusini na sehemu ya Brazili mikanda hiyo hushuka chini, na setilaiti inayopita humo hupigwa na chembe nyingi hata vipokezi vyake vikashindwa kutofautisha mwali wa nyota na kelele. Njia iliyolala juu ya Ikweta huepuka sehemu kubwa ya eneo hilo. Ni wazi basi kwamba pwani ya Kenya haikuchaguliwa kwa bahati nasibu wala kwa hisani. Ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwa na kitu ambacho Marekani na Ulaya hazikuwa nacho katika ardhi zao, nacho ni mahali penyewe.

Majukwaa ya Ghuba ya Ngwana

Mtu aliyeitambua thamani ya mahali hapo mapema alikuwa Luigi Broglio, jenerali wa jeshi la anga la Italia na profesa wa Chuo Kikuu cha Roma. Mwaka 1962 Italia na shirika la anga la Marekani, NASA, zilikubaliana kwamba Marekani itatoa roketi aina ya Scout na mafunzo, na Italia itatengeneza setilaiti na kituo cha kurushia. Tarehe 15 Desemba 1964, kikosi cha Waitalia kiliirusha setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, kutoka Wallops. Wakati huohuo matayarisho yalikuwa yakiendelea katika pwani ya Kenya, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imejipatia utawala wake.

Kituo kilijengwa baharini, mkabala na kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, takriban kilomita 30 kaskazini ya Malindi na chini kidogo ya nyuzi 3 kusini ya Ikweta. Kilikuwa na majukwaa mawili makubwa ya chuma yaliyosimama kwa miguu yao katika sakafu ya bahari. Jukwaa la San Marco lilikuwa la kurushia roketi. Jukwaa la Santa Rita, lililoanza maisha yake kama jukwaa la kuchimbia mafuta, lilikuwa la uongozi. Nyaya za umeme na za mawasiliano ziliyaunganisha chini ya maji. Roketi ya Scout ilitayarishwa ikiwa imelala, kisha ikasimamishwa saa ya kurushwa ilipokaribia. Ilikuwa na ngazi nne, zote zikitumia fueli ya yabisi badala ya fueli ya maji, na ingawa ilikuwa ndogo, ilisifika kwa urahisi wa kuitunza.

Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Ndani yake mlikuwa na kipimo kilichobuniwa na Broglio, kilichojulikana kama mizani yake, ambacho kilipima jinsi hewa nyembamba ya juu inavyoisukuma setilaiti, na kwa hiyo kuujua msongamano wa hewa hiyo. Mafanikio ya safari hiyo yalithibitisha kwamba setilaiti inaweza kurushwa kutoka baharini. Marekani, iliyokuwa imefundisha, sasa ilikuja kuwa mteja.

Siku ya kurushwa na asili ya jina

Setilaiti ya Giacconi na wenzake ilijulikana kwanza kwa herufi za kiofisi, SAS-A, na ilikuwa ya 42 katika mfululizo wa Marekani uitwao Explorer. Uzito wake ulikuwa kilo 140 na kitu, yaani uzito wa watu wawili wazima. Kiongozi wa mradi huo katika NASA alikuwa Bi. Marjorie Townsend, mhandisi, aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kukabidhiwa dhamana ya namna hiyo. Setilaiti ilirushwa mchana wa tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba tangu kupata uhuru. Kwa ajili ya siku hiyo, na kwa kuwashukuru wananchi wa Kenya kwa ukarimu wao, Bi. Townsend alipendekeza iitwe Uhuru, na jina hilo likakubaliwa.

Neno lililoazimwa halikuwa neno la kawaida. Shina lake, huru, lina asili ya Kiarabu, na Kiswahili kimelitia kiambishi cha u- kinachounda majina ya hali na dhana, kama ilivyo katika utu, umoja na ukweli. Katika miaka ya 1950 na 1960 neno hilo lilivuka mipaka ya wasemaji wa Kiswahili likawa wito wa siasa katika Afrika ya Mashariki nzima. Mwaka 1961 kilele cha Kilimanjaro kiliitwa kwa neno hilo, na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1970 kati ya Tanzania na Zambia ilijulikana kama Reli ya Uhuru. Hivyo setilaiti ilipopewa jina hilo haikupewa neno tupu. Ilipewa ahadi ambayo watu walikuwa wameifia.

Yaliyoonwa

Setilaiti ya Uhuru iliizunguka dunia kwa dakika 96, yaani mara 15 kwa siku, ikiwa kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 500. Ilikuwa na vipokezi viwili vilivyotazama pande zinazopingana, kimoja kikiona eneo pana la mbingu na kingine eneo jembamba. Yenyewe ilijizungusha polepole, mara moja kwa dakika 12 hivi, ili vipokezi vipitishe macho juu ya mbingu kama mtu anayetafuta kitu kwa kurunzi katika chumba chenye giza. Ilifanya kazi hadi mwezi Machi 1973. Mwaka 1979 iliporomoka na kuungua ilipoingia katika hewa nzito.

Matokeo ya kwanza yaliyotikisa wataalamu yalihusu chanzo kilichoitwa Cen X-3. Uhuru iligundua kwamba eksirei zake hupwita kama mshipa wa damu, pigo moja kila sekunde 4.8. Tena kila baada ya siku 2 na saa chache chanzo chote kilizimika, kisha kikawaka upya. Mapigo yenyewe yalikuja mapema kidogo na kuchelewa kidogo kwa zamu. Maelezo yaliyoyakusanya yote hayo yalikuwa moja: kitu kinachopwita kilikuwa kikiizunguka nyota nyingine kubwa, mara kikija upande wetu na mara kikienda mbali, na kila mzunguko kikijificha nyuma ya nyota hiyo. Chanzo kingine, Her X-1, kilionyesha tabia hiyohiyo kwa mapigo ya sekunde 1.24.

Kitu hicho kidogo ni nyota ya nyutroni, yaani kiini cha nyota iliyokufa, chenye maada nyingi kuliko ya Jua letu lote iliyobanwa katika mwili wenye upana wa kilomita 20 au karibu na hapo. Uvutano wake hunyonya gesi ya nyota mwenzake. Gesi hiyo inapoanguka, nishati ya kuanguka hugeuka joto la mamilioni ya digrii, na gesi yenye joto hilo hutoa eksirei. Kwa njia hii wataalamu walijifunza kwamba kuanguka kwa maada kunaweza kutoa nishati nyingi kuliko ile inayoiwasha nyota ya kawaida.

Chanzo cha tatu, Cygnus X-1, kilikuwa na ajabu zaidi. Eksirei zake zilibadilika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde bila ya mpangilio wa mapigo. Kitu kinachobadilika upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa, kwani mwanga wenyewe huhitaji muda kukivuka kutoka upande hadi upande. Mahali pake palipojulikana vizuri zaidi, wanafalaki wa darubini za kawaida waligundua katika mwaka 1971 kwamba hapo pana nyota kubwa inayozungushwa na mwenzake asiyeonekana kwa muda wa siku 5.6, na kwamba mwenzake huyo ni mzito kupita kiasi kinachowezekana kwa nyota ya nyutroni. Hivi ndivyo shimo jeusi, ambalo hapo kabla lilikuwa hesabu katika karatasi, lilivyopata mahali pa kunyoshewa kidole mbinguni.

Mbali na hayo, Uhuru ilionyesha kwamba kati ya galaksi zilizo katika makundi, mahali palipodhaniwa kuwa patupu, pamejaa gesi yenye joto kali mno. Hesabu ya mwisho ya vyanzo vyote ilitolewa mwaka 1978, navyo vilikuwa 339. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi iliyoanzisha elimu hiyo, na Uhuru ilikuwa nguzo yake mojawapo.

Majukwaa baada ya Uhuru

Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni. Nne zilikuwa za Italia, zote za ukoo wa San Marco. Nne zilikuwa za Marekani, zikiwamo Uhuru yenyewe na dada zake SAS-2 ya mwaka 1972 na SAS-3 ya mwaka 1975. Na moja, Ariel 5 ya mwaka 1974, ilikuwa ya Uingereza. Ya mwisho ilirushwa tarehe 25 Machi 1988. Baada ya hapo majukwaa yalinyamaza.

Sababu moja kubwa ya kunyamaza kwake inaweza kufahamika kwa kulinganisha uzito. Uhuru ilikuwa na kilo 140 na kitu. Chombo cha eksirei kilichoitwa Einstein, kilichorushwa kutoka Cape Canaveral mwaka 1978, kilikuwa na zaidi ya tani 3. Mafanikio ya setilaiti ndogo yalikuwa yamezaa hamu ya darubini kubwa, na darubini kubwa zilihitaji roketi ambazo majukwaa ya Ngomeni hayakujengwa kuzibeba. Roketi ya Scout yenyewe ilitumika kwa mara ya mwisho mwaka 1994. Kwa maneno mengine, kituo kilizidiwa na elimu ambayo chenyewe kilisaidia kuizaa.

Hata hivyo kazi ya Ngomeni haikukoma. Antena zilizo nchi kavu, katika kituo kilichokuja kuitwa kwa jina la Luigi Broglio, ziliendelea kupokea habari kutoka angani. Vyombo vya eksirei na vya miali ya gama vilivyorushwa baadaye kutoka nchi nyingine, kama Swift ya mwaka 2004, AGILE ya mwaka 2007, NuSTAR ya mwaka 2012 na IXPE ya mwaka 2021, vyote viliteremsha habari zao kupitia pwani ya Kenya.

Katika orodha ya setilaiti tisa zilizotajwa, hakuna hata moja iliyokuwa ya Kenya. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, ilitengenezwa katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Roma, ikaachiliwa kutoka chumba cha Wajapani katika kituo cha kimataifa cha anga tarehe 11 Mei 2018. Ilikuwa mchemraba wenye upande wa sentimita 10. Ya pili, Taifa-1, ilirushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023. Tangu Uhuru hadi 1KUNS-PF ilipita miaka 47, na nchi yenye mahali bora pa kurushia ililazimika kupeleka vyombo vyake vikarushwe kwa watu. Mwaka 2017 Kenya iliunda shirika lake la anga, na makubaliano mapya na Italia ya mwaka uliotangulia yaligusa pia mafunzo ya Wakenya. Hatua hizo ni za maana, lakini kuja kwake nusu karne baadaye kunafundisha jambo moja, nalo ni kwamba kutoa mahali si sawa na kupata elimu. Mahali hukodishwa kwa mkataba; elimu haipatikani ila kwa shule, vitabu na muda.

Jina na lugha

Imesalia kutazama jina lenyewe. Wataalamu walipoandika orodha za vyanzo vilivyoonwa na Uhuru, walivipa alama fupi: namba ya toleo la orodha, herufi U, na tarakimu za kuonyesha mahali mbinguni. Chanzo 4U 1700-37, kwa mfano, ni cha toleo la nne. Alama hizo zingali zinatumika ulimwenguni kote, na mwanafalaki wa Tokyo au wa Leiden huiandika herufi hiyo pengine bila ya kujua imetoka katika lugha gani.

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili ataona jambo hapa. Herufi iliyobaki katika orodha ndiyo kiambishi cha ngeli, na shina limeachwa. Ulimwengu wa elimu umeihifadhi u-, lakini huru haimo. Ni ajali ya ufupisho tu, wala hakuna aliyeikusudia. Ila yaliyotokea kwa lugha yanafanana nayo. Kiswahili kilitoa jina la chombo, lakini yale ambayo chombo kiliyaona yaliandikwa na kufundishwa kwa lugha nyingine, hata katika nchi ambayo chombo kilianzia safari yake. Mtoto wa Ngomeni aliyetaka kujua ile roketi ilikwenda kutafuta nini alipaswa kwanza kuijua lugha ya wageni.

Wako wanaosema kwamba haikuwezekana kuwa vingine, kwa sababu Kiswahili hakina maneno ya elimu hiyo. Hoja hii haina nguvu. Pwani ilikuwa na msamiati wa mbingu karne nyingi kabla ya roketi: falaki, sayari, buruji, Zuhura, Mshtarii, Zohali, Kilimia. Mabaharia walishika njia kwa nyota, na wakulima waliihesabu miongo ya mwaka kuanzia Nairuzi. Juu ya msingi huo lugha inaweza kukopa kwa vitu vigeni, kama ilivyokopa roketi, setilaiti na eksirei, na inaweza kupanua maana ya maneno yake, kama vile kupwita, uvutano na mzingo. Yapo mahali panapohitaji uangalifu. Neno anga, kwa mfano, hutumiwa kwa mahali arukapo ndege na kwa mahali ipitapo setilaiti, na somo zima la pazia la hewa hupotea iwapo angahewa na anga za juu hazikutenganishwa. Lakini huo ni utatuzi wa maneno machache, si ushahidi wa upungufu wa lugha. Kilichopungua ni watu waliopewa kazi ya kuandika.

Hitimisho

Historia ya setilaiti ya Uhuru ina pande mbili, na mwanafunzi atakayeshika upande mmoja atakuwa ameikosa historia yenyewe. Upande mmoja ni fahari ya haki: kutoka katika maji ya Ngomeni, kwa sababu zinazoeleweka za mzunguko wa dunia na usumaku wake, macho ya binadamu yalifunguliwa kwa mara ya kwanza juu ya mbingu yote ya eksirei, na nyota za nyutroni na mashimo meusi yakatoka katika nadharia. Upande wa pili ni deni. Pwani ilitoa mahali na lugha ilitoa jina, na vyote viwili viliondoka na chombo.

Deni hilo halilipwi kwa kurusha vyombo peke yake. 1KUNS-PF na Taifa-1 ni malipo ya sehemu moja. Sehemu iliyobaki ni ya walimu na ya waandishi, na inaweza kuanza kulipwa darasani bila ya roketi wala jukwaa, siku mwanafunzi wa pwani atakapoulizwa kwa Kiswahili kwa nini Cen X-3 huzimika kila baada ya siku mbili, naye akajibu kwa Kiswahili.